Nilipoiahidi Jumapili Moja kwa Watu Wawili

Asau,
Savai'i,
Samoa.
Jumanne, 20 Agosti 2013
(kwako bado Jumatatu)

Mpendwa Dada Aveolela,

Nakusalimu kwa heshima zote za dada mkubwa, halafu nakupa pole kwa kuendelea kuishi jana. Tangu serikali yetu ilipoifuta ile Ijumaa na kuturusha upande wa pili wa mstari wa tarehe, kila nikiketi kukuandikia najiona nimekutangulia kwa siku nzima. Usinikasirikie. Ni hicho tu nilichowahi kukuzidi.

Mguu unaendeleaje? Shemeji Sakaria aliniambia kwenye simu kwamba kidonda kimefunga, ila viatu vya kanisani bado vinakukataa. Vaa ndala, Dada. Kwaya inakutazama mikono unapoiongoza, si vidole vya miguu. Na hapo Pago Pago, upande wenu wa Samoa ya Marekani, mvua imepungua, au bado mnaanika nguo ndani?

Sisi hatujambo kwa neema yake Mungu. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Wifi yako Fuatino mzima, bado ni mwenyekiti wa kamati ya kina mama, na nyumbani vilevile ni mwenyekiti. Kijana wetu Toma alivunjika mtulinga kwenye raga, sasa anatembea mkono umening'inia shingoni na wasichana wanambebea begi. Sioni kama ana haraka ya kupona.

Sasa keti vizuri, maana nina habari, na mwishoni nina ombi.

Kanisa limenichagua niwe shemasi. Usicheke. Mimi huyuhuyu uliyekuwa ukinifinya mapaja ili nisikorome wakati wa mahubiri. Mchungaji Elekana alipokuja kuniambia, nilimuuliza kama amekosea nyumba. Akasema, "Uelese, mashemasi hukaa mbele wakitazamana na watu wote. Nimechoka kukuamsha kwa macho kutoka mimbarini. Huko mbele utajiamsha mwenyewe kwa aibu." Basi huo ndio wito wangu. Wengine waliitwa kwa kijiti cha moto, mimi nimeitwa kwa sababu ya usingizi. Fuatino alinishonea koti jeupe na kikoi cheupe kipya, maana vile vya harusi ya binti yetu Makerita vilikataa kukutana kiunoni.

Nikiwa nimemtaja Makerita, nifike kwenye jambo lenyewe.

Unajua aliolewa mwaka jana na Ionatana, yule kijana Msabato wa kijiji cha pili, na kwamba alimfuata mumewe hadi kanisani kwake. Hilo nililimeza. Lakini mwezi wa tano alikuja kuniambia kwamba anataka kubatizwa upya, kwa kuzamishwa baharini. Nami badala ya kumeza nikatema. Nilimwambia, "Wewe ulishabatizwa. Shangazi yako alikubeba kwa mikono yake. Au yale maji unaona yalikuwa ya kunawia?" Alikunja mkeka aliokuwa ameukalia, akauweka pembeni kwa adabu kama mama alivyotufundisha, akaondoka.

Tangu hapo Jumapili zikawa tupu. Unaijua meza yetu ya Jumapili baada ya ibada: tanuri la mawe linafunuliwa, magimbi, mashelisheli, nguruwe, yale majani ya magimbi yaliyoivia kwenye tui zito, na watu wanakula mpaka wanalala walipokaa. Nafasi ya Makerita ikabaki wazi. Nikawa namwambia Fuatino, "Umeona? Binti yako amenuna." Fuatino ananijibu, "Na baba yake je?"

Kisha neno likafika kwenye kikao cha mashemasi. Ndugu Lafaele, ambaye unamkumbuka kwa sauti yake nene na kofia yake ya plastiki, akawakumbusha wenzake yale aliyomwandikia mtume kijana wake Timotheo: asiyeweza kuiangalia nyumba yake hafai kukabidhiwa nyumba ya Mungu. Hakunitaja jina. Alinitazama tu. Niliporudi na kumsimulia Fuatino, akasema, "Lafaele? Nguruwe wake wako kwenye magimbi ya mchungaji kila asubuhi. Aanze kuwaangalia hao." Nilicheka, lakini moyoni lilinichoma, kwa sababu kwenye ile meza yetu nafasi ilikuwa kweli wazi.

Mungu si wa kununa, ndipo wiki tatu zilizopita Makerita akaja. Hakuingia mpaka ndani, alikaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni.

"Baba, nabatizwa Sabato ijayo. Sikuja kubishana. Nimekuja kukuambia tu."

Nilimtazama, Dada, nikaona lile paji la uso la mama yetu. Ulimi wangu ukalegea. Nikamwambia, "Nitakuja."

"Kweli utakuja?"

"Nimekuambia nitakuja. Unataka niape, na ninyi hamuapi?"

Akacheka. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Na mimi nikajiona mwenye hekima nyingi, kwa sababu nilishapiga hesabu: Jumamosi nitakwenda kwa binti yangu, Jumapili nitasimikwa ushemasi, na Jumatatu nitapumzika. Nikapita kwa Mchungaji Elekana kumthibitishia kwamba Jumapili hiyo ni yake.

Ikafika Alhamisi. Nimekaa, Fuatino anapiga pasi kile kikoi kipya.

"Hiki utavaa wapi?" akaniuliza.

"Kanisani, Jumapili. Wapi tena?"

"Na baharini utavaa nini?"

"Baharini ni Jumamosi, mama."

Akaiweka pasi chini. "Uelese, hao wa Ionatana ni Wasabato wa Jumapili."

Dada, wewe uko upande ambao Jumamosi ni Jumamosi bila maswali, kwa hiyo acha nikukumbushe mkanganyiko wetu. Tulipoiruka ile Ijumaa, Wasabato wa hapa waligawanyika. Baadhi walisema siku ya saba ni siku ya saba, serikali haina mamlaka ya kuisogeza. Wakaendelea kuhesabu kama zamani, na hesabu ikawaangukia kwenye Jumapili yetu. Wengine wakafuata kalenda ya ukutani, wakabaki na Jumamosi. Mzee Filemoni, baba mdogo wa Ionatana, ni wa Jumamosi, nami nikachukulia kwamba nyumba nzima ni ya Jumamosi. Sikuuliza. Baba gani anamuuliza mkwewe anasali lini?

"Kwa hiyo zile Jumapili zote," nikamwambia Fuatino, "hakuwa amenuna?"

"Alikuwa kanisani," akasema. "Kama wewe. Ila yeye hakuwa amelala."

Ndivyo nilivyogundua kwamba nimeahidi Jumapili moja kwa watu wawili, binti yangu na Bwana Mungu. Na kibaya zaidi, nilimwahidi binti kwanza.

Nilikwenda kwa mchungaji huku goti likilalamika. Nilimkuta anafukuza nguruwe wa Lafaele. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akafuta jasho, akaniuliza, "Unaniuliza kama mchungaji wako, au kama mwanamume mwenzako mwenye mabinti wanne?"

"Vyote viwili."

"Kama mchungaji, Jumapili nakutaka kanisani, umevaa nyeupe, saa mbili kamili. Kama baba, leo sijakuona, na hujanieleza kitu." Akarudi kwa wale nguruwe. Nusu ya njia akageuka. "Maji ya asubuhi ni baridi. Mpelekee taulo."

Sikulala vizuri, nami unajua usingizi na mimi tulivyo ndugu. Niliomba. Nilitaka jibu, na jibu halikuja, ila lilikuja swali: nikikaa kwenye kile kiti kipya nikiwa nimevunja neno kwa mtoto wangu, nitaliambia nini kanisa kuhusu Baba atimizaye ahadi? Hapo nikalala.

Jumapili ikafika. Sikuwa na nguo nyingine safi, kwa hiyo nilivaa vile vyeupe vya ushemasi. Na njia ya kwenda ghubani, kama unavyojua, inapita mbele ya kanisa letu. Ule mtungi wa gesi unaotufaa kama kengele ulikuwa unagongwa, watu wanaingia, kina mama na kofia zao, na mimi napita na taulo begani kama mtu anayekwenda kuoga.

Lafaele alikuwa mlangoni. "Uelese, kanisa liko huku."

"Najua liko huko. Nililipaka rangi mimi."

"Basi unakwenda wapi?"

"Nyumbani kwangu," nikamwambia, na sijui kwa nini nilisema hivyo, maana nyumba yangu iko upande mwingine kabisa.

Ghubani walikuwa wachache, wamesimama mchangani wakiimba. Na unajua walikuwa wanaimba kwa sauti gani? Ile ile tunayoimbia ibada ya jioni hapa nyumbani, maneno tu ndiyo tofauti. Mdomo wangu ukaingia wenyewe na maneno yetu, na hakuna aliyenikataza. Makerita alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Aligeuka aliposikia sauti inayokosea. Akanitazama hivi, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mchungaji wao kijana ikabidi angoje kidogo.

Alipotoka alikuwa anatetemeka. Taulo halikutosha, nikavua lile koti nikamvisha.

"Baba, koti la ushemasi litaharibika na chumvi."

"Mama yako atalifua. Atanigombeza mimi, si wewe."

"Na kusimikwa kwako? Si ni leo?"

Kumbe alijua. Alijua tangu siku ile ukingoni mwa mkeka, akadhani najua pia, na kwamba nimechagua. Sikumsahihisha, Dada. Au tuseme nilimsahihisha baadaye, wakati wa chakula, mbele ya watu wote, na alinicheka mpaka akapaliwa na gimbi.

Ndiyo, walikuja kula. Makerita, Ionatana, hata Mzee Filemoni ambaye Sabato yake ilikuwa imeshapita jana yake, akawa ndiye pekee kati yetu aliyekuwa huru siku nzima. Fuatino alikuwa amewapikia chakula chao tangu Jumamosi, samaki wa magamba na magimbi, wasije wakala kilichopikwa siku ya Sabato. Nguruwe wa sherehe yangu iliyokufa alikuwa amelala mezani mbele ya mkwe wangu asiyekula nguruwe, anamtazama. Nikaomba radhi. Ionatana akasema kwa upole, "Hapana, baba. Mwacheni. Na yeye leo amepata ibada."

Ile nafasi, Dada, haikuwa wazi.

Kuhusu kanisa: mashemasi walikutana wiki iliyofuata. Lafaele akairudia hoja yake ya mtume. Mchungaji Elekana akamuuliza, "Jumapili ile Uelese alikuwa wapi?" Lafaele akajibu kwa haki, maana ni mtu wa kweli: "Aliniambia anakwenda nyumbani kwake." Mchungaji akasema, "Basi alikuwa anaiangalia." Halafu Lafaele mwenyewe akasema kwamba nisimikwe, lakini safari hii jambo lifanywe kikamilifu: dada wa Uelese awepo.

Amesema kweli, na ndiyo sababu ya barua hii. Kwetu kaka hata apewe cheo gani, neno la dada likikosekana cheo kinakuwa chakula kisicho na chumvi. Wewe ndiye agano la nyumba hii, kama mila yetu inavyomwita dada. Na wewe ndiye uliyembeba Makerita kwenye maji yale ya kwanza. Siwezi kujua moyo wako kuhusu haya ya pili. Shemeji aliponipigia alisema ulinyamaza muda mrefu ulipopata habari. Nakujua unavyonyamaza. Makerita naye anakujua, na anaogopa kukupigia. Kila akija ananiuliza, "Shangazi amesema nini?" Namwambia simu za Pago Pago zinasumbua. Nimeshakuwa shemasi mwongo kabla ya kusimikwa.

Njoo, Dada. Kusimikwa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Ukipanda ndege Ijumaa utashuka Jumamosi, na angani hutakaa hata muda wa kumaliza mahubiri. Ukivuka kwa meli, Toma atakungoja bandarini Salelologa, ana mkono mmoja lakini mizigo atabebewa. Ukae mbele, unifinye nikisinzia. Na mchana, wakati wa kula, umwite Makerita akae karibu nawe. Hata usipomwambia kitu.

Wasalimie Shemeji Sakaria, na Lupe, na wale mapacha watukutu, na kwaya yako yote. Fuatino anakubusu, anasema uje na ule mchoro wa kofia. Bwana akuponye mguu huo na kuulinda hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwetu.

Usihuzunike kuhusu siku utakayoipoteza njiani. Ukiondoka hapa Jumatatu, utafika kwako ukute Jumapili ndiyo kwanza inaanza. Mimi niliomba Jumapili mbili nikapewa moja. Wewe utapewa zote mbili, Dada: ya kwanza nipe mimi, na ya pili, ukiwa kwenye kwaya yako, mwimbie Makerita.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda tangu ulipokuwa ukinifinya,

Uelese