Mbao za Jukwaa la Rehema

Singida Mjini,
Jumatatu, 4 Agosti.

Kwako Mama mkwe,

Shikamoo Mama. Najua anayekusomea ni mwanangu Zuhura, basi asome polepole. Magoti yanaendeleaje? Na baba, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima na kazi ninayo, ila kuna jambo limenikaa rohoni, na nimeona nikuandikie kabla hujafunga safari.

Siku ile tulipoanua matanga ya Rehema uliniambia, "Ukumbi ukiisha kutengenezwa nitakuja, unionyeshe aliposimama mwanangu akiimba." Nikakuahidi. Kazi ya useremala pale nilikuwa nayo mimi, na jukwaa lile nililijua ubao kwa ubao. Ni mninga, wa tangu Wahindi wenye maduka walipoujenga ukumbi. Ubao wa nne kutoka kwenye pazia ulikuwa unalia ukikanyagwa. Rehema alikuwa anavua viatu, anauruka, ndipo anaishika maiki. Watu wa bendi walikuwa wanamtania kwamba anaruka mfereji.

Tulipoling'oa jukwaa tulikuta boriti za chini zimeliwa na mchwa, lakini mbao zenyewe nzima. Kamati ikataka saruji na vigae, maana sasa ukumbi ni wa watu wote: mikutano, harusi, vijana na mazoezi yao. Sikupinga. Niliomba tu mbao zirudishwe juu ya ile saruji. Mwenyekiti akasema, "Zitarudi, fundi, baada ya uzinduzi. Sasa hivi wageni wanakuja." Nikaziandika namba kwa chaki, nikazipanga nyuma ya ukumbi juu ya matofali, penye jua, mchwa wasizifikie.

Jumamosi ukumbi ukazinduliwa. Kwaya, hotuba, pilau. Nilikula sahani mbili, Mama. Nikaenda hadi jikoni kumsifu mpishi.

"Sifu kuni," akaniambia huku anacheka. "Kavu, hazina hata moshi."

"Mmezitoa wapi?"

"Si hizo ulizotupangia hapo nyuma? Mwenyekiti kasema tuchukue."

Nilizunguka nyuma, nikakuta matofali matupu. Kwenye mafiga kulikuwa na misumari ndani ya majivu.

Nilimfuata mwenyekiti, nikamkuta anachokoa meno. "Ah, fundi, mbao kuukuu zile? Jukwaa la kisasa hilo hapo, linang'aa. Au ulitaka tucheze juu ya mchwa?" Waliokaa naye wakacheka. Wangeniambia wamepungukiwa kuni, ningewaletea mkokoteni mzima.

Kicheko chao nitakisahau. Kinachonila ni kwamba nilikula nikashiba, nikasifu.

Kwa hiyo ukija, Mama, utakuta vigae. Ningeweza kukuonyesha kigae kimojawapo nikasema alisimama hapa, nawe ungeamini. Nimeshindwa kukufanyia hivyo. Ukiona safari haina maana tena, sitakulaumu. Ukija, nitakupokea stendi, na tutakwenda kaburini tu.

Nisalimie baba mkwe, na shemeji yangu wa mizinga, asali yake ilifika. Msalimie pia jirani yako yule aliyekuja nawe huku kumwosha Rehema. Zuhura, ukimaliza kusoma kaa na bibi kidogo, usikimbilie kucheza.

Ahadi niliyokupa imenishinda, Mama. Hata hivyo naomba unikumbuke.

Mkweo,
Salumu