Anaunganisha Mapumziko

Jumatatu, 3 Machi
Mguu bado umo kwenye plasta tangu nianguke bafuni. Lakini nani anaenziwa kama mimi? Kila mchana binti yangu anatoka karakana ya mbao, ananiogesha, ananipakulia, anarudi kwenye msumeno wake wa mashine. Mwanamke pekee pale, na mafundi wanamwita Injini. Nimemwambia jirani asubuhi. Mchana nikamwambia tena. Akasema, "Tumesikia, Mama Injini." Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Ameshona mkono wa ovaroli yake. Ulinasa kwenye msumari, anasema. Mshono umenyooka — hata sindano anaijua!

Alhamisi, 6 Machi
Fundi mwenzake ameniletea magongo ya kutembelea, kayachonga mwenyewe. Kanywa chai, kasifia chai, mwisho akatoa la moyoni. Pale kazini kila mtu hupumzika kidogo asubuhi, mchana na jioni. Binti yangu hapumziki. Anaunganisha vipande vyote vya mapumziko viwe kimoja kirefu cha mchana, apate kuja kwangu. Kutwa yuko wima mbele ya msumeno. Juzi alisinzia huku anasukuma ubao. Ule mkono wa ovaroli — si msumari.

Chai ikanipalia.

Jioni nikamwambia asije tena mchana, nitakula kiporo. Akacheka. "Na chooni utapelekwa na nani, mama? Na jirani unayemringia?"

Nikayajaribu magongo. Mlangoni sikufika. Yeye ndiye kaninyanyua kutoka sakafuni.

Ijumaa, 7 Machi
Amekuja. Ameniogesha. Akakaa kwenye kiti ale na yeye, usingizi ukambeba na kijiko mkononi. Nimekitoa polepole. Vidole nimevitazama vyote. Virefu, vya baba yake.

Muda wake umeisha. Simu yake inatetemeka mezani, ng'ambo ya chumba, nisikofika. Atakuwa msimamizi. Alishamwonya: akichelewa tena, mashine anapewa mwingine. Na sisi tunakula kwa mashine hiyo.

Nikimwamsha, anakwenda kusimama mbele ya msumeno na macho haya. Nisipomwamsha —

Imenyamaza. Imeanza tena.

Amejigeuza, macho kafumba. "Saa ngapi, mama?"

Nimemwambia bado mapema.