Baa Nne za Kimya

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kosa la watu wengi ni hili: wanadhani muziki ni pale watu wanapoimba. Wakinyamaza wanaona ni mapumziko — wanakohoa, wanafungua ukurasa, wanaangalia simu. La! Kimya nacho kimeandikwa. Kina mapigo yake, na kinahesabiwa kama noti nyingine yoyote. Nimelisema hili tangu nikiwa mwalimu kijana kule Masii. Leo nina miaka sabini na minne na bado ninalisema, kwa watu walewale.

Mazoezi yalikuwa mabaya. Jumapili ni jubilei ya parokia, miaka hamsini, askofu anakuja, na tunafunga misa kwa korasi ya Handel. Ninayoipenda kuliko zote. Bach ni wa asubuhi, ukiwa peke yako, kabla jirani hajafungua redio. Haydn ni wa kukuchekesha ukiwa umenuna. Lakini Handel aliwaandikia watu wenye mapafu, watu wanaolima. Mpe Ndunda wa kwaya yetu besi ya Handel, hata vioo vya madirisha vinapata habari.

Sasa. Tunafika mwisho, kabla ya ile Amina kubwa. Kwaya inaingia kwa nguvu — na kinanda kinaendelea na mambo yake! Amina yetu huku, kinanda kule, kama watu wawili wanaogombania mlango. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilinyamaza. Mara ya tatu niligonga meza.

Mpiga kinanda ni Ndanu, binti wa Kaloki wa Masii. Amemaliza kusomea muziki chuo kikuu mwaka huu, na yuko nasi mwezi wa pili tu. Anasema kitabu chake cha noti kina baa nne za kinanda peke yake pale. Baa ni kile kipande kati ya mistari miwili iliyosimama, hata watoto wa darasa la nne niliwafundisha. Nikamwambia hapa tunaimba kwa solfa, zile do-re-mi, nakala hii niliiandika kwa mkono wangu mwaka 1981, na kwaya zote kutoka hapa hadi Masinga zinaimba nakala hii.

Ndunda akadakia: "Baa nne, Mwalimu? Mimi moja tu ya pale sokoni inanimaliza."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi.

Ndanu alirudia yaleyale. Safari hii alisimama na kitabu mkononi, akasema — lazima niandike ukweli, alisema kwa adabu — "Mwalimu, naomba tu uangalie hapa." Mbele ya watu arobaini! Mimi niangalie! Nikamwambia kule Nairobi walimfundisha kila kitu isipokuwa kuhesabu. Nikamwambia arudi wakammalizie.

Alifunga kinanda taratibu, akakifunika kitambaa chake, akatoka. Kitabu alikiacha kwenye kiti. Soprano wote wakaangalia sakafu. Tukaimba bila kinanda na Amina ikaingia mahali pake, safi. Mnaona? nikawaambia. Wakakusanya nakala zao.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Ndila alikuwa anachambua ndengu, hakuinua kichwa. "Baba Muema, hicho kitabu umekiangalia?" Nikamwambia suala si kitabu, suala ni heshima. Akasema, "Haya." Miaka arobaini na sita ya ndoa, naijua hiyo haya.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekiangalia.

Baa nne. Sauti zote kimya. Handel anaisimamisha kwaya nzima mlangoni mwa Amina, kinanda kinapanda hatua moja moja, na ndipo watu wanapoingia. Nilizisoma nikazisikia kichwani, nikajikuta nimesimama. Bila hizo baa, Amina yetu ni kelele tu.

Kwanza nilisema ni toleo jingine. Nilijidanganya hivyo kama saa nzima. Kisha nikatoa nakala ya 1981 kwenye sanduku, na yote yakarudi. Lile darasa la Masii. Mashine ya kurudufisha. Stensili — ile karatasi ya nta unayoikwaruza kwa kalamu ya chuma, na ukikosea umekosea — ilikuwa imebaki moja tu, na wimbo wote haukuenea humo. Nikatafuta cha kukata. Kinanda hatukuwa nacho. Hizi baa nne hakuna anayeziimba, nikasema, ni tupu. Nikazikata. Nitazirudisha tukipata kinanda, nikajiambia.

Kinanda tulipata 1998! Na mzee aliyekuwa akikipiga hadi juzi alifuata nakala yangu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu aliniamini.

Mimi! Ninayewafokea watu juu ya kimya kila Jumatatu! Na hiyo nakala niliwapa walimu, walimu wakaipeleka shuleni, shule zikaipeleka makanisani. Miaka arobaini na minne watu wanairukia Amina kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Kazi ya mkono wangu.

Ndila hakuniuliza kitu. Bora angeuliza.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi nilimfuata Ndunda shambani, anatengeneza matuta kabla ya mvua. Nikamweleza yote. Nilitarajia ashtuke. Akaegemea jembe.

"Sasa Mwalimu, si uachane nayo? Watu wamezoea. Askofu atajua aje?"

Na Ndanu? nikauliza.

"Yule ni mtoto. Yeye ndiye afuate sisi. Atasahau." Halafu akaona uso wangu, akataka kunifariji. "Hii maneno ni mimi na wewe tu, Mwalimu. Na mimi besi, huwa sisikii mtu."

Nikaondoka bila kuaga vizuri. Kinachoniudhi si maneno yake. Kinachoniudhi ni kwamba kwa nusu dakika yalikuwa matamu.

Jioni mazoezi. Ndanu hakuja. Wakaniuliza tufanye nini, tutafute mpigaji mwingine? Nikasema tutaona. Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba wangu, miguuni pangu. Sikukitoa. Mwoga! Tukaimba ile ile yetu, na mimi nikapiga mapigo ya kosa langu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa nguvu, kama mtu anayefukuza nyuki.

Jumamosi, 13 Septemba

Ujumbe kwenye simu, saa mbili asubuhi. Ndanu.

"Habari ya asubuhi Mwalimu. Naomba unisamehe kwa ile ya Jumatano. Nimefanya mazoezi ya kuruka hizo baa nne. Kesho nitapiga vile kwaya imezoea. Nitafika mapema."

Nimeusoma mara tano. Amejizoeza kukosea! Miaka minne chuoni, halafu anakaa kwao siku tatu akijifunza kosa langu, na anayeomba msamaha ni yeye! Natafuta mtu wa kumfokea. Hayupo. Hasira imekaa hapa kifuani, na hapa ndipo kwao.

Nimeanza kumjibu mara tatu, nimefuta mara tatu. Nilimtukana kwa mdomo, watu wakisikia. Ujumbe wa simu hautoshi.

Ndila ameusoma pia. Hakusema haya. Amechukua viatu vyangu, akaving'arisha, akaviweka mlangoni, vikielekea nje.

Mazoezi ya mwisho ni saa tisa. Watu arobaini, alasiri moja, wajifunze kuhesabu baa nne ambazo hawajawahi kuzisikia. Huenda kesho Ndunda akaunguruma peke yake katikati ya kimya, askofu akageuka. Huenda leo Kaloki asinifungulie lango — na ana haki, ni binti yake. Huenda wengine wakauliza, na vipi zile kwaya za Masinga, Mwalimu, nazo utazizungukia zote? Nina kitabu cha watu ndani ya mkoba, na kutoka hapa hadi Masii na kurudi kuna muda wa kutosha, nikiacha kuandika.

Leo saa tisa, mbele ya wote arobaini na Ndanu akiwapo, sema, Mwalimu, ni nani aliyezikata hizo baa.