Kirstine Alisema Hapana Mara Moja Tu

Køge, 5 Februari 2012

Dada Kirstine,

Basi nilikuwa nimefika kwenye habari ya benchi ulipokata simu. Na usinisingizie mtandao. Ukichoka kunisikiliza unasema "haya, upepo umeanza," halafu kruu, umekata. Sasa barua huikati, kaa tuendelee.

Lo, hata salamu nimeruka. Hujambo? Nyonga inasemaje? Kuku wanataga? Sisi wazima. Preben wangu na mgongo wake ndio vile vile, anatembea kama kameza fagio, ila kwenye sahani mgongo haumsumbui.

Haya, benchi. Kamati ya mtaa wetu imekaa vikao vitatu kuamua lipakwe rangi gani. Hapa hatupigi kura, lazima wote tukubaliane, na Ulla, yule aliyekuwa muuguzi, anasema kijani kinamkumbusha wodi. Basi benchi liko uchi mpaka leo, ukikaa unachomwa na vibanzi. Nikawaambia nipeni kopo lolote, nyie mkilala kile kiusingizi chenu cha mchana mimi napaka, mkiamka mmekuta. Hakuna aliyecheka. Flemming, mwenyekiti wetu, mkuu wa shule mstaafu, akaniambia, "Bodil, hili si jambo la mzaha." Benchi, dada!

Lakini sikuandikii habari za benchi. Nyumba namba tisa hapa mtaani imebaki wazi. Mzee Aksel kahamia kwa binti yake Uswidi. Nataka uje ukae wewe.

Na usianze kuniambia "nyumba ya wazee." Si ile ya manesi na uji. Kila mtu ana nyumba yake, jiko lake, ufunguo wake. Tuna ukumbi tu katikati, na tunakula pamoja siku kadhaa, tunapokezana kupika. Ukishapita hamsini na watoto wameondoka unaruhusiwa kuomba.

Nikuambie ukweli maana mimi sijui kuficha. Siku Preben alipokwama bafuni, kabla sijavaa viatu watu wanne walishaingia, mmoja na supu mkononi. Uzuri huo. Ubaya ni kwamba wale wanne waliziona sufuria zangu za jana, na jioni mtaa mzima ulijua. Taa yako ikichelewa kuwaka asubuhi wanagonga. Ikiwahi wanauliza ulilala vibaya? Halafu kuna vikao, kuna siku ya kung'oa magugu, kuna kuimba kabla ya kula, na ole wako uimbe kwa sauti kama mimi. Na visigara vyako vyeusi ni nje tu, kwenye kile kibanda cha baiskeli. Kuku sijui. Nikiuliza wataunda kamati ya kuku.

Lakini wewe uko peke yako kule kisiwani Mors, na jirani wa karibu lazima umpigie mbinja. Njoo tarehe kumi Machi, kuna chakula cha pamoja na kamati huwa inazungumza na wageni. Nakuomba.

Mdogo wako,
Bodil


Mors, 14 Februari 2012

Mdogo wangu Bodil,

Salamu. Sisi huku tupo. Upepo umechukua vigae kidogo. Kuku wanataga kiasi. Nyonga si mbaya. Juzi nilikaa kidogo bandani kwa kuku, ndiyo sababu nimechelewa kujibu.

Nyumba hiyo, mimi wa nini? Wapo wenye shida zaidi. Nimesoma ubaya wote ulioandika na naona ni mrefu kuliko uzuri, wewe mwenyewe hukuona. Mtu akitaka kula peke yake anafanyaje? Akinyamaza, Ulla anampima homa?

Tarehe hiyo jirani Anders Peter anashuka huko kuchukua kipuri cha trekta. Ana nafasi garini. Nitakuja kukuona wewe tu. Usipike kitu cha ajabu.

Msalimie Preben.

Dada yako,
Kirstine


Køge, 12 Machi 2012

Dada,

Hujambo? Ulifika salama? Preben anakusalimu, na akikusalimu tena nitampiga na mwiko. Nina hasira hapa hata kalamu inatoboa karatasi.

Hivi ulisema nini kwenye kamati?

Maana mimi nilikuwa jikoni. Bahati yangu mbaya ndiyo hiyo, katika wikiendi zote za mwaka, zamu ya kupika ikaniangukia ile ile. Viazi vya watu thelathini, dada, na nyama ya nguruwe ya kukausha ngozi, na yule Ulla kasimama nyuma yangu anauliza kama chumvi ni lazima. Nikawa nachungulia kwenye kile kidirisha cha kupitishia sahani. Nikakuona umekaa wima na gauni la mazishi, umependeza. Nikaona Flemming anakuja na kahawa. Akakuuliza, ukasema hapana asante. Akapita na kahawa yake! Nikakuona unaifuata ile chupa kwa macho mpaka mwisho wa meza. Nikataka kupiga kelele, "We Flemming, rudi!" lakini mchuzi ulikuwa unafurika.

Hapo hapo ilinipasa nijue. Kama kahawa tu ilikupita, nyumba ingekuaje?

Preben ndiye kanisimulia, maana yeye alikaa pale. Eti Flemming kakuuliza, "Kirstine, ungependa kuishi nasi?" Nawe ukasema, "Hapana, mimi siwezi kuwasumbua." Flemming akasema, "Asante kwa kutuambia ukweli," akakupa mkono. Basi! Nikamwambia Preben, "Na wewe ulikuwa wapi?" Akasema, "Nilikuwa pale pale. Si kasema hapana?" Nikamwambia, "Mwanaume wewe, umelala na mtu wa Mors miaka thelathini na hujajifunza kitu?"

Unakumbuka alivyonichumbia? Aliniuliza kwenye lango la mama, nikasema "hapana, mimi wa nini," kama binti yeyote aliyelelewa. Akavaa kofia yake akaondoka! Mtu wa Køge. Ilibidi nimkimbize na baiskeli mpaka kivukoni, na upepo wa mbele, nimwambie, "Uliza tena, mjinga wewe."

Jana wamewapa namba tisa mume na mke fulani wa Hillerød. Wamesema "ndiyo" kabla hata hawajavua makoti.

Sasa niambie wewe mwenyewe. Ulikuwa hutaki, au ulikuwa hutaki kama tusivyotaka sisi watu wa Mors?

Mdogo wako mwenye hasira,
Bodil


Mors, 20 Machi 2012

Mdogo wangu,

Salamu. Tupo. Nyama ile haikuwa mbaya.

Mimi nilisema hapana mara moja tu. Hakuna aliyeuliza tena. Mtu anayeuliza mara moja anatimiza wajibu. Anayekutaka anauliza tena. Mama alitufundisha hivyo na sikuona sababu ya kubadilika kwa ajili ya mkuu wa shule.

Watu wako ni wema, ila wanatabasamu wote kwa pamoja, inachosha. Na wimbo ule una beti nyingi, chakula kinapoa. Bwana mmoja alinieleza kisukari chake kabla hajanitajia jina lake.

Nilipita pale namba tisa wakati nakusubiri umalize vyombo. Nilikaa kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni. Jua linaingia. Mlango wako unaonekana kutoka pale, na wa jiko la ukumbi pia, nilikuona unatupa maji ya vyombo na kuongea peke yako. Dirisha lile si baya.

Usimwambie mtu. Limekwisha.

Dada yako,
Kirstine


Køge, 2 Mei 2012

Dada Kirstine,

Salamu tele. Natumaini u mzima, ingawa sasa nimekoma kuamini ukisema "si mbaya." Nimekuandikia kadi ya Pasaka, kimya. Nikakuandikia ya pili, ile ya bata, kimya. Nikaona basi, nikampigia Anders Peter. Na Anders Peter, nikishamwanzia, hufunguka kama mfuko wa chakula cha kuku.

"Ulikaa kidogo bandani"! Dada! Ulianguka! Kaniambia ulilala pale chini toka saa ya chai ya asubuhi mpaka yeye alipopita mchana kuchukua mayai, umelala chali, kisigara kimezimika mdomoni, na kuku mmoja kakaa juu ya tumbo lako anajipasha moto. Akakuuliza, "Nikusaidie?" Na wewe, na nyonga yako ile, na baridi ile ya Februari, ukamwambia, "Hapana, usijisumbue."

Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, Preben akadhani nimepaliwa.

Sasa Anders Peter ni mtu wa Mors, akauliza tena. Akauliza tena na tena, ndipo ukasema, "Basi kama unapita njia hiyo." Je, angekuwa Flemming? Angesema, "Asante kwa kutuambia ukweli," akafunga mlango wa banda taratibu asikusumbue! Adabu yako itakuua, dada, na adabu ya hawa itakuzika.

Nilikwenda na hilo jambo kikaoni. Mimi Bodil wa darasa la saba nikasimama mbele ya mkuu wa shule. Nikawaambia, kwetu mtu hakubali kitu mara ya kwanza. Ya kwanza unakataa kwa adabu. Ya pili unakataa kwa kujua kama mwenyeji anamaanisha. Ya tatu unakula. Flemming akavua miwani. "Bodil, hapana ni hapana. Mtu mzima tunamheshimu kwa neno lake." Nikamwambia, "Na mtu wa Mors mnamuua kwa neno lake." Ulla akasema ni jambo la kuvutia sana na labda tuunde kikundi kidogo cha kulitafakari. Dada, wameunda! Kimeshakaa. Kimeahirisha.

Sasa sikiliza, umbea wenyewe ndio huu. Wale wa Hillerød wamejitoa. Mke kagundua kwamba zamu ya kupika ni ya watu thelathini, akasema yeye hata mumewe hampikii. Namba tisa iko wazi tena! Nikamshika Flemming kwenye kibanda cha baiskeli, nikamwambia, mwandikie Kirstine. Kuandika kaandika, ule mwiko wake wa kutouliza mara mbili kaumeza. Na wewe ukamjibu nini? "Asante, lakini nadhani wapo wanaoihitaji zaidi." Kaja na barua yako mpaka mlangoni kwangu, kaishika kama cheti cha mtoto aliyefeli. "Unaona, Bodil?"

Naona. Naona hiyo ni ya pili. Yeye haoni.

Jumamosi hii kamati inakaa kwa mara ya mwisho. Kuna mama mmoja wa Greve, anasema ndiyo hata kabla hujamaliza swali, anachekacheka tu, kila kitu kwake "kizuri sana." Akipata yeye, nafasi nyingine haitatokea mpaka mmoja wetu hapa afe, na hawa kwa mboga wanazokula hawafi.

Kwa hiyo nakuuliza mimi, kwa mkono wangu, na hii ndiyo ya tatu.

Njoo.

Na usiniambie wapo wenye shida zaidi, kwa sababu yupo, ndiye mimi. Nimekuandikia habari za benchi na sufuria nikacheka, ndiyo kawaida yangu. Sikukuandikia kwamba toka nimehamia huku hakuna mtu anayecheka nikiongea. Wananisikiliza, dada! Wanainamisha kichwa upande, wananisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu wanasema "asante, Bodil." Watu thelathini wanajua soksi zangu zimetoboka wapi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Funga domo, umenichosha." Wewe tu. Hata simu ukiikata nalala vizuri.

Kuku nimewaulizia. Nimeambiwa "tutalizungumza," yaani waje kwanza, kamati itakuwa bado inatafuta tarehe. Benchi bado halina rangi. Ukifika tutalipaka mimi na wewe, rangi utakayochagua, na wakitaka wakae kikao juu ya

Ngoja kidogo, Preben anagonga dirisha kutoka nje. Anasema kuna gari la mizigo limesimama getini. Nimemwambia niache, naandika. Anasema dereva ana kofia yenye nembo ya trekta na pembeni yake kuna mama mmoja mwenye gauni la mazishi, kapakata boksi lenye matundu, na boksi linalia kokoko.

Dada, wewe?

Anasema huyo mama kasema alikuwa anapita tu. Kutoka Mors! Daraja na daraja, nusu ya nchi nzima, anapita tu!

Anasema Flemming kashatoka kumpokea. Kamkaribisha ndani kwa kahawa. Mama kasema hapana asante. Na Flemming kamwambia haya, safari njema, na Anders Peter kashawasha gari.

FLEMMING! Hata hanisikii, kwa kuwapungia mkono. Preben, hebu niletee ile baiskeli, upesi, mwambie Flemming aulize te