Njegere Zako Hazivuki Goti

Dada Hadija,

Shikamoo. Nimempiga mumeo.

Nimempiga kwa mwiko wa kupakulia ubwabwa, ule mrefu wa shughuli, mbele ya wanaume waliokaa kwenye jamvi, siku ya arobaini yako. Pigo la kwanza lilimpata shavuni, la pili mdomoni, na damu ikadondokea kwenye sinia la wali. Walinivuta kwa nguvu. Wangechelewa kidogo, leo ningekuandikia nikiwa mahabusu, na wala nisingejuta. Nisamehe kwa kuanza hivi. Kati yetu wewe ndiye uliyepewa upole, na upole wako ndio uliokuzika.

Ngoja nianzie nyuma, maana nikiandika kwa hasira hutanielewa.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Lushoto, ulikokwenda kufanya kazi za ndani? Wenzako walirudi na masufuria na vitenge, wewe ukarudi na mbegu umezifunga kwenye pindo la kanga. Njegere za kula na maganda yake, aina mbili, bapa na nene. Mama akakuuliza, "Ndo mshahara wenyewe huo?" Rutamba nzima ikacheka. Wakakwambia huku kwetu joto, zitaungua. Ukangoja masika yaishe na kipupwe kiingie, ukapiga matuta nyuma ya nyumba yako penye kivuli cha migomba, ukatandaza nyasi kavu, ukawa unamwagilia kabla jua halijachomoza. Zikaota. Zilikuwa fupi na zenye afya, hazikuvuka goti la mtu mzima. Ulinifundisha kuchuma kwa mikono miwili, mmoja unashika mche na mwingine unachomoa ganda, kwa sababu ukivuta kwa pupa mche mzima unakufuata. Bapa tuzichume punje hazijavimba, nene tuzingoje zijae. Mimi nilikuwa nakuibia, nazila mbichi palepale tutani, nawe unanirushia madongo.

Mama mkwe wako je, alivyozipika! Alizimenya zote, maganda akawatupia kuku, akabaki na vipunje vya kujaza upawa mmoja, halafu akakuita mwongo. Tulicheka mpaka machozi.

Mumeo hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuichukia ile bustani. Watu walikuja kutazama "mbaazi za kizungu" za Hadija, wakampita yeye barazani kama hayupo, na hilo lilimchoma. Ndipo mbuzi wake wakaanza kukata kamba. Mara ya kwanza ulinyamaza. Mara ya pili ukanyamaza. Nikakwambia, Dada, kamba gani hiyo inakatika kila mara kuelekea kwenye njegere tu? Ukanijibu, "Ndoa si yako, Somoe."

Siku uliyokufa mbuzi walikuwa ndani ya matuta. Jirani alikusikia ukiwafukuza, kisha akasikia kishindo, kisha kimya. Tulipofika mumeo alikuwa analia kwa sauti kuliko Mama. Akasema umeanguka ukichuma njegere, kisogo kikapiga kwenye kinu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwa nini wangeuliza? Mtu anaanguka, anakufa, anazikwa kabla ya magharibi.

Tulikuosha mimi na Bi Mwanaidi. Yeye ndiye anayewaosha wanawake wote wa huku, unamjua, mikono yake haitetemeki. Mimi namimina maji, yeye anapitisha kitambaa. Kisogo kilikuwa kimebonyea kama alivyosema mumeo. Lakini shingoni mwako kulikuwa na alama za vidole, Dada. Nyeusi, zimezama. Na mkono wako wa kushoto ulikuwa umevunjika pale mtu anapokingia uso wake. Nikafungua mdomo kupiga kelele. Bi Mwanaidi akaniziba kwa kiganja kilicholowa maji yako. "Nyamaza, mwanangu. Unayoyaona hapa yanaishia hapa. Mwosha huoshwa. Na wewe siku yako utataka ufichwe."

Hiyo ndiyo mila, nawe uliijua. Aliyemwosha maiti hasemi alichokiona. Nikameza. Nilikuvisha sanda huku nimeuma pindo la kanga, na tangu siku hiyo kila nilipomwona mumeo akipokea pole za watu, niliona ile shingo. Nilitamani aungue. Nilitamani nyoka amkute chooni. Nilikuwa nawaza mambo ambayo sikujua kama ninayo.

Kwa kuwa sikuwa na la kukufanyia, nikawa nakwenda kumwagilia njegere zako. Nachuma, nampelekea Mama. Mama anakula akilia.

Basi ikafika arobaini. Hitima ikasomwa, tukaanza kupakua. Mumeo amekaa katikati ya wazee, anawasimulia tena, na safari hii akaongeza chumvi. Akasema alikukataza usipande kigoda. Ulipanda kigoda kufikia njegere za juu kabisa, kikateleza. Wazee wakatikisa vichwa, maskini, wakaamini. Huku kwetu sisi tunazijua fiwi, yale maharage yanayotambaa mpaka kwenye paa, na hakuna mwanamke ambaye hajapanda kigoda kuzichuma. Yule mwanamume amekaa na bustani yako uani kwake msimu mzima, hajawahi kuinama hata siku moja kuona ulichopanda.

Mimi nilikuwa nimeinama asubuhi ile ile. Kiuno bado kilikuwa kinaniuma.

Mwiko ulikuwa mkononi. Nikampiga. Nikapiga kelele, "Njegere zake hazivuki goti! Alipanda kigoda akachume nini?" Wakanishika, nikaendelea kusema. Nilisema vidole. Nilisema mkono. Nilisema kila kitu nilichokimeza, mbele ya wanaume, na chakula kinapoa.

Mjomba Issa alisimama. Unajua kwetu neno la mjomba halina rufaa. Akasema, "Somoe, umemvua dada yako nguo mbele za watu."

Dada, lile pigo lilikuwa kubwa kuliko yangu yote. Nikakaa chini pale pale kwenye majivu ya jiko. Mumeo akajifuta mdomo, akasema ni wazimu wa msiba, wanisamehe. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nipelekwe ndani nikasomewe.

Ndipo Bi Mwanaidi akatoka upande wa wanawake. Hakupaza sauti. Akamwendea mumeo mpaka karibu, akamwambia, "Sitara nilimpa Hadija. Wewe sikukupa. Vidole vyako nimeviosha shingoni mwake, na kwa hili Mungu aniulize mimi."

Mumeo aliruka, akachomoa panga kwa wapishi, akafyeka mbele yake. Lilimpata Mjomba kwenye kiganja, nyama ikafunguka. Akakimbilia uani, akapita katikati ya matuta yako akiyavuruga kwa miguu, na hapo kwenye nyasi zako zenye unyevu akateleza. Vijana wakamfikia. Walimpiga kwa kuni, kwa mawe, kwa miguu. Nilisikia mbavu zake. Mtu akaleta mafuta ya taa, na unajua kiberiti alikuwa nacho nani? Mimi. Nilikuwa nimeshakitoa kijiti.

Mjomba Issa ndiye aliyejilaza juu yake. Mzee wa watu, mkono unachuruzika, amejilaza juu ya mtu aliyemkata. Akatupigia kelele, "Mkimuua huyu, Hadija anabaki ameanguka kwenye kigoda mpaka Kiyama!"

Nikakitupa kile kijiti.

Polisi wamemchukua. Yuko hai, ana meno machache. Na bado anasema ulianguka, na sisi tulimsingizia ili tumpige. Ni neno lake dhidi ya neno la waosha maiti wawili, mmoja mzee na mwingine mwenye hasira. Kwa hiyo daktari anatakiwa akuone mwenyewe. Kibali cha mahakama kimetoka. Mjomba amekubali, mkono wake una bandeji, hanitazami sana usoni lakini amekubali. Mama amekataa. Amesema ardhi ikishampokea mtu haidaiwi. Jana aliniuliza, "Ulimzika mara moja, hukutosheka?" Tangu hapo hasemi na mimi. Nampelekea chakula, naacha mlangoni.

Njegere nyingi zilikufa siku ile. Nimeokota maganda machache yaliyokuwa yamekauka kwenye miche, nimeyaanika darini. Kipupwe kijacho nitazipanda kwa Mama, akitaka asitake. Nitamfundisha kula na ganda.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Kesho asubuhi wanakufukua.

Najua jinsi ulivyokuwa na haya. Ulikuwa huogi mtoni na sisi, ulingoja ubaki peke yako. Na mimi ndiye niliyewaita watu hawa na majembe yao. Ukinilaani nitapokea. Ila siwezi kukuacha ulale huku yeye anatembea akisimulia ulivyoteleza. Mficha uchi hazai, na mimi nimechoka kuficha.

Huku wanawake hatuendi makaburini, lakini kesho nitakwenda. Bi Mwanaidi naye anakuja. Tutasimama na shuka tumelizungusha, na macho yasiyohusika hayatapita, wallahi, ama nitayatoboa. Sanda mpya ipo, nimeitia ubani. Daktari akimaliza, tutakufunika upya na kukurudisha, na mimi nitakwenda mahakamani Lindi nikaseme yote tena, hata kama Mama hatanipa mkono maisha yangu yote.

Kwaheri, Dada, mpaka asubuhi. Nisamehe kwa kukuamsha. Inuka mara hii moja tu, usemee nafsi yako. Kisha tutakulaza, na hatakugusa mtu tena.

Mdogo wako,
Somoe