Mbuzi wa Kamati na Hija ya Vijana Wako

Stella mwenzangu,

Nimeolewa! Leo wiki ya tatu. Mie huyu, mke wa Deo, naamka na mtu anayenichemshia chai kabla hajaenda kazini, na ananiita malkia hata mbele ya muuza mkaa. Nina furaha mpaka naona aibu, maana kila ikinijaa nakumbuka kwamba kiti cha msimamizi alikikalia binamu yangu, sio wewe. Ulisema utavaa pinki. Mbona hukuningoja?

Lakini leo nakuandikia kwa hasira. Ni ile hija ya vijana wako wa kanisani. Uliwaahidi kwamba mwaka huu wataufikia Msalaba wa Bagamoyo, wote ishirini na wawili, hata wale ambao kwao hakuna cha kutoa. Ulipofariki nikasema hili nitalibeba mie. Nimelibeba, na mabega yamechoka.

Unakumbuka tulivyokuwa tukizunguka Tandika kuomba? Wewe hukuwa unaanza na mchango. Unaomba maji ya kunywa, unakaa, unamsifia mtu mtoto wake, mpaka mwenyewe anauliza, "Haya, nyie wa kanisani mmekuja na nini leo?" Nimejaribu hivyohivyo. Maji nimepewa. Nimekunywa maji ya Tandika nzima! Nikitaja hija tu, jibu ni moja: "Anjela, si juzi tu tumetoka kukuchangia wewe?"

Na ni kweli. Ndiyo inayoniuma. Kadi za mchango wa harusi yangu zilipita nyumba hizohizo, na watu walitoa mpaka nikalia. Ukumbi, gari la maua, matarumbeta. Harusi yangu imekula nauli ya vijana wako.

Kisha nikasikia kamati ya harusi imebakiza pesa. Niliruka, Stella! Nikamfuata Mjomba Kalisti, mwenyekiti wao, nikampigia magoti, nikamwambia salio hilo linatosha kukodi lori la kwenda na kurudi. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mwanangu, hiyo ni ya sherehe ya kuvunja kamati. Mbuzi tumeshamlipia. Watu wamehangaika miezi mitatu kwa ajili yako, leo niwapongeze kwa rozari?" Wenzake wakapiga meza. Mmoja akadakia, "Hao vijana waoe kwanza, tutawachangia!"

Nilitoka pale bila kuaga. Wangekuwa watu wabaya ningewasema, nikapumzika. Lakini ndio hawa walionifikisha altareni. Wanatoa sana, ila wanatoa pale watakapokula, watakapocheza, watakapotajwa kwenye kipaza sauti. Mtoto anayekwenda kusali hana kadi wala ukumbi.

Aliyetoa ni Bi Mwanahawa, jirani yangu muuza maandazi. Sikumwomba hata, kwa kuwa ni Mwislamu, nikaona haya. Alinikuta nalia uani, nikamweleza yote. "Sasa mie umeniruka kwa nini? Kwani watoto wakienda kusali hawali?" Akaahidi ndoo mbili za maandazi. Nilimkumbatia, unga wake ukanijaa gauni zima. Unaona kosa langu? Nimegonga kila mlango uliokwisha kutoa, nikauruka ule wa ubavuni kwangu.

Ila maandazi hayakodi lori. Jumapili baada ya misa niliwaambia vijana ukweli. Wakaanza kubishana, na sio kama waende au wasiende. Walibishania saa ya kuondoka kwa miguu! Nililia tena. Siku hizi nalia ovyo.

Tunaondoka Jumamosi alfajiri, siku mbili barabarani. Jumamosi hiyohiyo ndiyo wanavunja kamati, na bibi na bwana harusi ndio wanaowekwa meza kuu. Nilimwambia Deo kwa woga, najua Mjomba atanuna, pengine kwa miaka. Wewe ulikuwa ukisema Deo ni mpole mno. Aliniangalia, akasema, "Sasa mie nikae meza kuu peke yangu, nimwoe nani tena?" Akainuka kutafuta raba zake. Nampenda, Stella! Nampenda mpaka nakosa adabu.

Basi, mbuzi wao watamla mbele ya viti viwili vitupu. Wakikasirika, na wakasirike. Na mie nimekasirika bado, sitakudanganya wewe.

Lala salama, mwenzangu. Nakuahidi, sitamrudisha hata mmoja nyumbani. Atakayechoka, tutambeba kwa zamu. Tukifika Msalabani, vijana watamwombea Bi Mwanahawa, na watakuombea wewe kwa jina. Mjomba na kamati yake nitawaombea mie mwenyewe, nikiweza. Nikishindwa, waombee wewe, uliye karibu.

Wako,
Anjela, mke wa Deo