Jina Lililokuwa Ndani ya Pete Yako

Salama, mke wangu,

Rukia ameposwa, na anaitaka pete yako. Ndiyo maana nakuandikia leo, baada ya kunyamaza muda wote huu.

Nimehama Riyadh. Nyumba yetu ya kupanga ya mtaa wa Suwaidi nimemrudishia mwenye nyumba, nami naishi na binti yetu huku Jeddah, mtaa wa Safa, anakofanya kazi. Siku hizi anaendesha gari mwenyewe. Wewe ulikuwa ukivaa baibui tangu asubuhi, ukakaa kunisubiri mpaka nipate nafasi ya kukupeleka sokoni. Hukuwahi kuyaona haya.

Unakumbuka nilipokusomea habari za pete za uchumba za Ulaya, zile za zama za kati? Kwa nje, mikono miwili imeshikana. Kwa ndani, maneno yamechorwa yaguse ngozi, asiyaone mtu. Ulikuwa ukichagua mchele. Ukasema, "Kumbe mume huandika atakalo, mke akavaa tu."

Nikacheka. "Bi Salama, hao ni Wazungu wa kale!"

Wewe hukucheka.

Yako nilikwambia imefuliwa kwa ajili yako. Uongo. Niliinunua hapa Jeddah, imeshavaliwa na mwingine, na ndani ina jina kwa Kiarabu: Munira. Nikakwambia ni alama ya sonara. Kana kwamba hukusoma msahafu tangu utotoni.

Kila mwaka uliizungushia uzi mpya. "Inanipwaya, Baba Rukia." Nikaamini. Lakini wanawake waliokuosha walisema iliwashinda kuvua, mpaka wakatumia sabuni. Walinikabidhi na uzi wake. Kidole chako kilikuwa kimejaa siku nyingi, Salama. Uzi ule haukuwa wa kukaza pete. Ulikuwa unalifunika jina.

Simjui Munira. Wallahi simjui, hata sura yake. Labda aliiuza mwenyewe, labda waliiuza warithi wake. Ningekwambia hivyo tu, yangekwisha. Niliona haya kwamba sikukununulia mpya. Na wewe ulidhani ni nani? Miaka yote ile unanipikia, unanifulia, ukidhani…



Sonara anaweza kulifuta jina. Sitaki. Kabla Rukia hajaivaa, nitaufungua uzi mbele yake, nimwonyeshe, nimwambie nilichokuficha wewe, mama yake. Akiikataa, sitamlaumu.

Uzi nitabaki nao mimi.

Lala salama, Mama Rukia. Nisamehe ukiweza.

Mumeo